Bunduki au Machela: Anayeanza Kuigiza Vita Aanzie Wapi?

Kila kiangazi, kwenye mashamba ya Maryland, Virginia na Pennsylvania, watu wazima huvaa makoti ya sufu, hubeba magobore na kuigiza vita walivyopigana Wamarekani wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 hadi 1865. Wengine hufunga aproni, hupanga misumeno mezani na kuonyesha jinsi majeruhi walivyotibiwa. Wengi hawalipwi, gharama ni zao. Katika majimbo hayo hayo wanaishi Wakenya na Watanzania wengi, na watoto wao husomeshwa historia hiyo shuleni. Si ajabu baadhi yao wakauliza: nasi tunaweza kuingia? Tuanzie wapi?

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti nne. Fundi ni mzee wa Unguja, mshonaji, ambaye kwenye kikosi cha waigizaji ni sajini wa wanajeshi Weusi wa Muungano, yaani jeshi la Kaskazini lililopigana na majimbo ya Kusini. Muuguzi ameajiriwa hospitalini, na mwisho wa wiki husimamia hema la wagonjwa kambini. Mwalimu alisomesha historia Tanga miaka mingi na hataki kuusikia uigizaji huu. Kijana anataka kuanza. Hoja imeletwa na Muuguzi: anayeanza kuigiza historia ya vita aanzie kwenye hema la wagonjwa, kabla hajagusa bunduki. Mimi ninayo hukumu yangu na nitaitoa mwishoni.

KIJANA: Shikamooni wakubwa zangu. Naomba nitangulie kwa kuwa mzigo wenyewe utakuwa wangu. Nimeshatazama bei. Nakala mpya ya gobore la Springfield la 1861 inafika dola 1,000 na kupita. Bado koti, suruali, viatu, mkanda, mkoba wa risasi, blanketi. Akiba ninayo. Nielekezeni duka tu.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Duka lisubiri. Vikosi vingi vina sanduku la nguo na vifaa vya kuwaazima wageni, hata bunduki, kwa sababu wapo wanaokuja mara moja wasirudi tena. Swali la kwanza ninalomuuliza mgeni ni hili: wewe ni nani, na ni mwezi gani wa mwaka gani? Usiniambie "mwanajeshi". Niambie wewe ni mtu wa kikosi cha 7 cha Weusi, kilichoundwa hapa hapa Maryland mwaka 1863. Ukishanijibu hivyo, naweza kukueleza koti lako: fupi, la sufu ya buluu iliyokoza, vifungo vinne mbele. Suruali ni ya buluu hafifu. Viatu ni vya ngozi, soli imeshonwa au imepigiliwa vijiti vya mbao. Ukinunua kabla ya kulijibu swali hilo, utanunua nguo ya mtu asiyekuwepo.

KIJANA: Kwa hiyo mshono nao unakaguliwa, mzee?

FUNDI: Unakaguliwa, na mimi ni mmoja wa wakaguzi. Ghala la jeshi la Schuylkill, kule Philadelphia, lilikuwa likiwapa wanawake wa mjini vitambaa vilivyokwisha kukatwa, wakavishona majumbani kwao kwa mkono, wakalipwa kwa kila vazi. Wengi walikuwa maskini wa kutupwa. Ninapokaa na sindano kutengeneza tundu la kifungo kama alivyolitengeneza mwanamke yule, namtendea haki mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Na kuna jambo jingine kwa sisi tunaoigiza Weusi. Mwanajeshi Mweupe wa kawaida alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi aliandikiwa dola 10, na katika hizo akakatwa dola 3 za nguo. Nguo hizi hizi! Watu wa kikosi cha 54 cha Massachusetts walikataa mshahara huo kwa mwaka mmoja hivi, wakapigana bila kupokea hata senti, mpaka Bunge lilipokubali kusawazisha malipo Juni 1864. Basi mtu akiniambia koti ni koti tu, simwelewi.

Sijapata kusikia sababu nzuri kuliko hii ya kuhesabu mishono. Msomaji aiweke akilini, maana walioko nje ya uigizaji huu hudhani ukaguzi wa vifungo ni majivuno tu.

MUUGUZI: Nami nashika hapo hapo kwenye hesabu. Wanajeshi Weusi wa Muungano walikuwa karibu 179,000. Waliokufa ni kama 40,000, na kati ya hao kama 30,000 waliuawa na maradhi. Kwa vita vyote, makadirio ya zamani yalikuwa wafu 620,000. Hesabu iliyotolewa mwaka 2011 kwa kulinganisha daftari za sensa iliyapandisha hadi karibu 750,000. Inakadiriwa theluthi mbili hivi ya vifo haikutokana na risasi. Ilikuwa kuhara damu, homa ya matumbo, surua, malaria, kichomi. Sasa tazameni onyesho la kawaida la Jumamosi alasiri: mizinga inalia, moshi unatanda, watu wanaanguka, watazamaji wanapiga makofi, na baada ya dakika chache wafu wanainuka, wanajipangusa majani. Robo tatu ya vifo vya watu wetu Weusi haionekani uwanjani. Ndiyo maana nasema mgeni aanzie hemani. Akianzia kwenye bunduki, atajifunza vita ambavyo havikuwepo.

MWALIMU: Nakushukuru kwa takwimu hizo, dada, lakini zimenisaidia mimi kuliko wewe. Umesema mwenyewe: wafu wanainuka wanajipangusa majani. Kwetu mtu haigizi msiba wa jirani. Vita vile viliua, vikaacha wajane na watu waliokatwa miguu. Leo hii familia zinatandika mikeka, watoto wanakula aiskrimu, wanatazama mauaji kama wanaotazama mpira. Ukileta hema la wagonjwa, umeongeza damu kwenye mchezo uleule. Historia isomwe, ifundishwe, makaburi yatunzwe. Ya nini kuivaa?

MUUGUZI: Mwalimu, hofu yako si ngeni, wala si yako peke yako. Mwaka 1961, wakati wa kuadhimisha miaka mia moja, vita vya kwanza vya Manassas viliigizwa kwenye uwanja wenyewe vilikopiganwa. Baadaye Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ikapiga marufuku jambo hilo: kwenye viwanja inavyovisimamia, hairuhusu pande mbili kupangwa zikabiliane na kuigiza mapigano, kwa kuwa yaliyotokea pale hayawezi kurudiwa kwa heshima. Inaruhusu kambi, gwaride, maelezo ya vifaa na mlio wa bunduki wa kuonyesha. Maigizo ya mapigano hufanyika kwenye mashamba ya watu binafsi na viwanja vingine. Basi hema langu lipo upande ule ambao hata hifadhi imeukubali. Humo hakuna anayekufa. Kuna mtu anayeeleza.

MWALIMU: Anaeleza, au anatisha? Niliwahi kumwona mmoja ameshika msumeno, mkono bandia umejaa rangi nyekundu, mgonjwa anauma risasi asipige kelele, na watu wanacheka kwa hofu.

MUUGUZI: Huyo alikosea, na amekosea jambo ambalo anayeanza analirekebisha siku ya kwanza akiwa na mwalimu mzuri. Majeruhi waliokatwa viungo kwenye vita vile hawakuwa wakiuma risasi. Nusukaputi ilikuwepo: klorofomu na etha. Kumbukumbu za jeshi la Muungano zinaonyesha zilitumika zaidi ya mara 80,000, na upasuaji uliofanywa bila dawa ya usingizi ulikuwa mchache. Lakini kuna sababu watu wakaamini vingine. Mgonjwa akianza kuvuta klorofomu hupita kwenye hatua ya kuweweseka: anapiga mateke, anapiga kelele, inabidi ashikiliwe. Madaktari walifanya kazi mlangoni au nje chini ya mti kwa kutafuta mwanga. Aliyepita barabarani aliona mtu anashikiliwa, anapiga kelele, msumeno unakwenda. Akaandika alichokiona. Kazi ya mwigizaji wa tiba ni kumweleza mtazamaji yote mawili, kile mpita njia alichokiona na kile alichokuwa akikifanya daktari.

Naomba mniruhusu niendelee kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Agosti 1862, baada ya vita vya pili vya Manassas, kuna majeruhi waliolala uwanjani karibu juma zima. Magari ya kuwabeba yalikuwa ya wachukuzi wa jeshi, na baadhi ya madereva walikimbia. Mwezi huohuo daktari Jonathan Letterman, mganga mkuu wa Jeshi la Potomac, alikuwa amekwisha kupata amri ya kuunda kikosi maalumu cha magari ya wagonjwa: watu waliofunzwa, waliochaguliwa, wasioruhusiwa kupangiwa kazi nyingine. Akapanga ngazi tatu: kituo cha kufunga majeraha karibu na mapigano, hospitali ya uwanjani nyuma yake, na hospitali kubwa mjini. Tarehe 17 Septemba 1862, kwenye vita vya Antietam, watu kama 23,000 waliuawa, wakajeruhiwa au wakapotea kwa siku moja. Majeruhi wa Muungano waliondolewa uwanjani kwa muda wa siku moja hivi. Machi 1864 Bunge likaufanya utaratibu ule kuwa sheria kwa majeshi yote ya Muungano. Zamu yangu ya dharura ninayoifanya leo hospitalini, kupokea, kuchambua nani atangulie, kupeleka mbele, imejengwa juu ya mawazo ya namna hiyo. Mgeni akibeba machela kwa msimu mmoja anaielewa habari hii kwa mabega yake.

KIJANA: Mama, mimi nasomea uhasibu. Udaktari sina. Nitafanya nini humo hemani?

MUUGUZI: Hata wabeba machela wa Letterman hawakuwa madaktari. Utabeba. Utachota maji. Utakunja bendeji za pamba na kujifunza kuzifunga kwa mtindo wa zama zile. Utaandika barua kwa niaba ya majeruhi asiyejua kusoma, na wapo wengi wa kuwaigiza hivyo. Utajifunza sanduku la dawa: kwinini, afyuni, dawa za zebaki ambazo mganga mkuu wa jeshi, Hammond, aliziondoa kwenye orodha mwaka 1863 akachukiwa kwa hilo. Na kuna miiko. Chupa ya klorofomu ina maji. Dawa za kweli, hata kwa tone, marufuku. Kifaa cha kale cha kweli hakifanyiwi maonyesho. Kinatunzwa, na mezani tunaweka nakala. Kabla ya onyesho la upasuaji watu wanaambiwa watakachokiona, ili aliyerudi kutoka Iraki au Afghanistani, au mama mwenye mtoto mdogo, aweze kuondoka mapema bila aibu. Matukio mengi pia huweka neno maalumu la dharura ya kweli ambalo halitamkwi kwa kuigiza hata kidogo, maana mtu aliyevaa sufu kwenye jua la Julai huanguka kwelikweli.

FUNDI: Hapo naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini hoja yenyewe siipokei yote, dada yangu, na nitakwambia sababu. Mtu asiyesimama mstarini hajui majeruhi wako katoka wapi. Gobore lina kilo 4 na zaidi. Kulijaza kuna amri tisa, na mgeni huzirudia mpaka vidole viote sugu: kung'ata karatasi ya risasi, kumimina baruti, kuchomoa mdeki, kushindilia nao, kuweka fataki. Mwaka 1863 jeshi lilichapa kitabu cha mazoezi kwa ajili ya vikosi vya Weusi. Ni mazoezi yaleyale ya Weupe. Watu waliokuwa watumwa mwaka uliotangulia walisimama wakafanya amri tisa sawasawa na mtu yeyote. Jambo hilo lilimtia hofu mwenye watumwa kuliko risasi yenyewe. Kijana Mweusi anaposhika bunduki ile mbele ya umati, watazamaji wanaona kitu ambacho hema haliwezi kuwaonyesha. Ukimwambia mwaka mzima abebe machela, unamnyima hilo.

MUUGUZI: Simnyimi, mzee. Namchelewesha.

FUNDI: Mcheleweshe basi kwa usalama. Hilo nakubali. Uwanjani hatutii risasi. Baruti ni gramu 4 hivi, karatasi haishindiliwi, na mdeki hauchomolewi kabisa, kwa sababu ukisahaulika ndani ya mtutu unatoka kama mshale. Mtutu unainuliwa juu ya vichwa vya wale wa upande wa pili. Singe haifungwi bila amri. Matukio mengi hayamruhusu aliye chini ya miaka 16 kubeba bunduki mstarini. Mtu ambaye hajayajua haya asikae karibu na mwanangu.

KIJANA: Na wakikosekana watu wa upande wa Kusini? Nasikia waigizaji huombwa kubadilisha sare ili pande zilingane.

FUNDI: Vipo vikosi vinavyofanya hivyo. Sisi hatuvai kijivu. Na mtu asikulazimishe. Siku ya kujiunga, uliza kabla.

MWALIMU: Naomba basi nikuulize, sajini. Tarehe 12 Aprili 1864, kule Fort Pillow, Tennessee, wanajeshi Weusi waliuawa wakiwa wamekwisha kusalimu amri. Hilo nalo mnaliigiza?

FUNDI: Hapana.

MWALIMU: Kwa nini? Si historia?

FUNDI: Ni historia, na tunaisema. Jioni, kambini, mtu anasimama anasoma majina na anaeleza yaliyotokea. Hakuna kijana wangu atakayepiga magoti uwanjani ainue mikono ili mwingine ajifanye kumuua, watu wapige picha. Kila kikosi chenye adabu kina mpaka wake, na mgeni aujue mpaka huo kabla ya kuapa.

MWALIMU: Umenijibu vizuri, na umenipa nguvu. Kama kuna yasiyoigizwa, basi mnajua moyoni kwamba kuigiza kuna hatari.

Niseme neno hapa. Mwalimu anayo haki, ila hitimisho lake linakwenda mbali mno. Kisu nacho kina hatari, na mpasuaji hujifunza mahali pa kuishia. Kilichonigusa kwa Fundi ni kwamba mpaka wake haukutoka kwenye kanuni za mtu mwingine. Umetoka kwenye kuwafikiria wale waliopiga magoti.

KIJANA: Nikianzia hemani, nimwigize nani? Niliyemwona kwenye filamu ni mwanajeshi tu.

MUUGUZI: Mtafute Alexander Augusta. Alizaliwa Norfolk, Virginia, mwaka 1825, mtu huru. Vyuo vya tiba vya Marekani vikamfungia mlango kwa rangi yake, akaenda kusomea Toronto. Mwaka 1863 alipewa cheo cha meja, daktari wa jeshi, Mweusi wa kwanza kufikia hapo, na kikosi chake kikawa hichohicho cha 7 alichokitaja mzee. Mwaka huohuo alishambuliwa mjini Baltimore kwa kosa la kuvaa sare yake. Wasaidizi wake Weupe walimwandikia Rais Lincoln kulalamika kuwa hawawezi kuwa chini ya Mweusi. Amezikwa Arlington. Lakini usianze kwa kumvaa Augusta mwenyewe. Cheo kinaombwa baada ya kazi. Kuwa mbeba machela wa kikosi chake. Na kama una dada, mpe habari za Susie King Taylor: alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1848, akajifunza kusoma kwa siri, akafuatana na kikosi cha Weusi cha South Carolina, akifua, akiuguza na kuwafundisha wanajeshi herufi usiku. Hakulipwa kwa kazi hizo. Mwaka 1902 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake.

FUNDI: Dada yake si lazima akae hemani pia. Mwaka 1989 mwanamke mmoja aliyekuwa amevaa sare ya mwanajeshi aliondolewa kwenye onyesho pale Antietam kwa kuwa ni mwanamke. Akaenda mahakamani, na mwaka 1993 akashinda. Mamia ya wanawake walipigana vita vile wakiwa wamejifanya wanaume. Akitaka mstari, aje mstarini.

MWALIMU: Haya, mmeshanieleza Norfolk na Georgia. Sasa mniambie, Unguja na Maryland wapi na wapi? Mzee, wale si babu zako. Umetoka Mwambao kuja kuvaa msiba wa watu wengine.

FUNDI: Mimi nimekulia kwenye nguo, mwalimu. Merikani iliyovaliwa Unguja na bara kabla ya vita vile ilisukwa kwenye viwanda vya New England, ikaletwa na mabaharia wa Salem, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na sandarusi. Pamba ya viwanda hivyo ililimwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipoanza, pamba ikakatika, na merikani ikawa adimu Unguja. Wafanyabiashara wakageukia nguo za Uingereza na India. Aliyenunua doti ya merikani sokoni Zanzibar mwaka 1855 alikuwa amevaa jasho la yule ambaye mtoto wake, miaka minane baadaye, aliingia kwenye kikosi ninachokiigiza. Basi usiniambie hainihusu.

MWALIMU: Nimekusikia, na sina jibu la kukupinga kwa hilo. Lakini nina dai, na dai hili silishushi. Mwambao na bara yetu ilikuwa na vita vyake, 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani wakigombana juu ya ardhi isiyokuwa yao. Tanga, Novemba 1914. Kilima cha Salaita, karibu na Taveta, 12 Februari 1916. Wapagazi waliochukuliwa na pande zote walikuwa zaidi ya milioni moja. Kwa upande wa Uingereza peke yake, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa ni kama 95,000, na wapo wanahistoria wanaosema ilikuwa zaidi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi cha wapagazi hao. Tunanunua nyanya na viatu juu ya jina lao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kijana huyu anajua amri tisa za gobore la Springfield. Anajua mpagazi alibeba nini?

KIJANA: Sijui, mwalimu.

MUUGUZI: Mwalimu, unajua umekuja upande wangu? Wengi wa wapagazi wale hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, njaa na uchovu. Wapo waliopewa unga wa mahindi wasiouzoea, wakaupika haraka usiive kwa kukosa muda na kuni, wakahara hadi kufa. Wengine walitoka nchi ya baridi milimani wakapelekwa Rufiji kwenye mbu. Ukiniambia niigize vita vya Afrika Mashariki, sitaleta bunduki hata moja. Nitaleta mzigo, kipimo cha unga, blanketi moja, kidonge cha kwinini, na machela ya miti miwili. Kilo 25 hivi kichwani. Nitamwomba mtazamaji ajitwike atembee mpaka mwisho wa uwanja na kurudi. Halafu nitamwambia: bado kilomita 20 kabla ya usiku.

MWALIMU: Na njaa utaigizaje?

MUUGUZI: Sitaiigiza. Nitaonyesha kipimo cha unga, basi.

MWALIMU: Hapo naweza kusimama nawe. Mzigo, chakula, dawa, na mtu wa kueleza kwa Kiswahili. Pasiwe na mapigano, pasiwe na anayejifanya kufa. Ukileta hivyo Voi au Tanga, nitakuja kueleza mwenyewe. Huku Marekani bado moyo wangu haujakubali.

FUNDI: Na nguo zao utazishona wewe?

MWALIMU: Utazishona wewe, mzee. Lakini kwanza tutafute picha, maana wengi walienda na shuka moja kiunoni. Nairobi, kwenye sanamu za kumbukumbu za 1914–1918, mpagazi amesimamishwa pamoja na askari. Dar es Salaam sanamu ya 1927 ni askari peke yake. Hata shaba ilimsahau.

Mjadala ungeweza kuendelea, maana Fundi hakukubali kushindwa na Mwalimu hakukubali kuvaa. Hukumu yangu ni hii. Hoja ya Muuguzi imesimama. Anayeanza uigizaji wa vita aanzie kwenye hema, kwa sababu ndimo vita vilimomalizikia kwa walio wengi, na kwa sababu humo mgeni hujifunza kusoma, kuuliza na kueleza kabla ya kupigiwa makofi. Ninaongeza sharti la Fundi: msimu wa pili asimame mstarini ajue uzito wa bunduki na adabu yake, na mwigizaji Mweusi asinyimwe fahari ya amri tisa. Mwalimu namkatalia juu ya Marekani. Kitabu peke yake kisingemfundisha Kijana habari ya dola 3 za nguo kama alivyofundishwa na mtu aliyeshika sindano. Juu ya wapagazi nakubaliana naye kwa kila neno.

Kwa hiyo, uliyeko Maryland au karibu: nenda Frederick, kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa la Tiba ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, tembea, uliza maswali, kisha utafute kikosi kitakachokuazima nguo. Fedha ya bunduki iache benki kwa mwaka mmoja. Na uliyeko Taveta, Voi, Tanga, Morogoro au Kilwa, ambaye nyumbani kwenu yupo mzee aliyesimuliwa na babu yake habari za kubebeshwa mizigo ya vita: kaa naye mwezi huu. Andika jina la mpagazi, kijiji alichochukuliwa, alichobeba, alichokula, ugonjwa uliomshika, na mahali alipozikwa kama panajulikana. Bila majina hayo hakuna atakayeweza kuwaigiza, hapa wala kule.